Nyaya Nyeusi Zikutane Katikati

Fundi aliyejifunza kazi ya kompyuta kabla ya mwaka 1995 alianza na plagi mbili. Mashine za mtindo wa AT, zilizopewa jina hilo kutokana na kompyuta ambayo IBM iliitoa mwaka 1984, zilipeleka umeme kwenye bodi kuu kwa plagi mbili zilizofanana, kila moja na nyaya sita, zikichomekwa ubavu kwa ubavu. Plagi hizo zikibadilishana nafasi, bodi iliungua pale pale swichi ilipowashwa, na umbo lake halikumzuia mtu kuzibadilisha. Kinga ilikuwa kanuni moja tu, iliyopokezanwa kwa mdomo kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi: nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati.

Leo kompyuta za mtindo huo ni chuma chakavu, lakini kanuni yake inaonyesha jinsi ufundi huu ulivyojengwa. Karibu kila jambo ambalo fundi hodari hulifanya anapogusa nyaya ndani ya kompyuta lilianzia kwenye mashine fulani, katika zama zinazojulikana, baada ya watu kupata hasara. Arua na Koboko, miji ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, zimeipokea historia hiyo ya mashine pamoja na historia yake zenyewe ya umeme uliochelewa, barabara ndefu na watu waliohamishwa na vita.

Arua ilianzishwa mwaka 1914, pale Waingereza walipoitoa West Nile kwenye utawala wa Sudan na kuitia Uganda. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa sehemu ya Lado, ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliishika mpaka kifo chake. Reli ya Uganda haikufika Arua. Iliishia Pakwach, kando ya Nile. Koboko iko kaskazini zaidi, mwendo wa kilomita 55 hivi kutoka Arua, karibu na pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Ni nchi ya Wakakwa, kabila la Idi Amin, na serikali yake ilipoangushwa Aprili 1979 watu wa eneo hilo walilipiziwa kisasi. Wengi walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan, wakaishi ukimbizini miaka mingi, na kurudi kidogo kidogo katika miaka ya 1980.

Chombo cha umeme kilichoenea kuliko vyote katika miaka hiyo kilikuwa redio ya betri, na fundi wa redio ndiye babu wa fundi wa kompyuta. Mahali pasipo na umeme, pasi ya kulehemu ilipashwa moto kwenye jiko la makaa. Mtu aliyefanya kazi kwa pasi ya namna hiyo alijua kwamba ana muda mfupi wa kugusa kiungo kabla haijapoa, na kwamba waya uliounguzwa ganda lake hauna mbadala karibu. Alijua pia kufuata waya kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho bila kuuvuta. Kompyuta zilipofika, mikono iliyozoea redio ndiyo iliyozifungua.

Lugha za kwenye kibanda cha fundi zilikuwa nyingi: Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala cha wateja kutoka Ariwara na Aru upande wa Kongo, Kiarabu cha waliotoka Yei upande wa Sudan. Kiswahili kiliwaunganisha wafanyabiashara, madereva na askari, na ndicho kilichomwezesha mteja kutoka ng'ambo ya mpaka kueleza kwamba mashine yake inawaka kisha inazima.

Umeme wenyewe una hadithi ndefu. West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa kwa miongo mingi. Arua ilikuwa na jenereta za dizeli za bodi ya umeme ya serikali, UEB, zilizowashwa kwa saa chache tu. Mwaka 2003 kazi hiyo ilikabidhiwa kampuni ya WENRECo, tawi la mfuko wa maendeleo ya uchumi wa Aga Khan, iliyoendesha mtambo wa mafuta mazito wa megawati 1.5 mjini Arua. Septemba 2012 ulizinduliwa mtambo wa maji wa Nyagak karibu na Paidha, wenye uwezo wa megawati 3.5. Kiasi hicho kilitakiwa kulisha eneo zima, kuanzia Paidha na Nebbi hadi Arua, na kampuni ilivyozidi kupanua laini zake kuelekea miji kama Koboko, ndivyo walaji walivyoongezeka.

Gridi ndogo ya namna hiyo huyumba. Kinu kimoja cha kusaga unga kikiwashwa, taa za jirani hufifia. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, hurudi na kishindo. Ofisi nyingi zilikuwa na jenereta zake ndogo za petroli, ambazo nazo hazitoi volti tulivu. Katika hali hiyo fundi hawezi kuamini kwamba swichi ikizimwa mambo yamekwisha, kwa maana umeme unaweza kurudi wakati mikono yake iko ndani. Hivyo desturi ya kwanza ya kazi, yaani kuchomoa plagi ukutani kabla ya kugusa bisibisi, haihitaji kuelezwa mara mbili kwa mwanagenzi wa West Nile.

Desturi hiyo ilikuwa na sababu nyingine kwenye mashine za AT. Swichi yake ya mbele ilikuwa swichi ya umeme wa ukutani hasa. Nyaya nne, wa kahawia, wa buluu, mweusi na mweupe, zilitoka kwenye pawasaplai, yaani kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kasha, zikapita kando ya diski na bodi kuu, zikafika mbele ya kasha zikiwa na volti 240 kamili. Ncha zake zilikuwa vipande vya bati vilivyofunikwa kwa vifuko vya mpira. Kifuko kikivuka, au waya ukikwaruzwa na ukingo mkali wa kasha, mtu aliyeshika kasha aliweza kupigwa na umeme wa kuua.

Mwaka 1995 Intel ilitoa mtindo wa ATX, na hatari hiyo ikaondoka mbele ya kasha. Plagi mbili za bodi zikawa moja yenye pini 20, iliyoumbwa ili iingie kwa upande mmoja tu. Mwaka 2003 pini zikawa 24. Kitufe cha mbele sasa kinatuma ishara ndogo tu ya kuiamsha pawasaplai. Lakini kuna jambo jipya la kukumbuka: mashine ya ATX iliyozimwa haijalala kabisa. Maadamu plagi iko ukutani, waya wa zambarau unaendelea kupeleka volti 5 kwenye bodi. Fundi anayechomeka kadi ya kumbukumbu wakati huo anaweza kuiunguza, nayo bodi pamoja nayo. Kwa hiyo mafundi huchomoa plagi, kisha hukibonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki kwenye kapasita iishe, na ndipo huanza kazi.

Mashine zilizofika West Nile kwa sehemu kubwa hazikuwa mpya. Zilitoka kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, zikapita Mombasa, zikauzwa Kampala, zikapakiwa kwenye mabasi ya Arua kwa safari ya karibu kilomita 500. Nyingi zilikuja na mtego mdogo mgongoni: swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Mashine iliyotoka Marekani huwa imewekwa kwenye 115. Umeme wa Uganda ni volti 240. Katika mkao wa 115, sakiti ya pawasaplai huzidisha volti maradufu kwa kutumia kapasita mbili kubwa, kwa kawaida za volti 200 kila moja. Ikichomekwa kwenye umeme wa Uganda, kila kapasita inapokea zaidi ya volti 300. Matokeo yake ni mlio, moshi, na harufu inayokaa chumbani siku nzima. Kuangalia swichi hiyo kabla ya kuchomeka mashine ngeni kukawa sehemu ya mapokezi, sawa na kumuuliza mteja jina lake.

Biashara hiyo ya mitumba iliingia matatani Juni 2009, serikali ya Uganda ilipotangaza katika bajeti kwamba vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwemo, havitaruhusiwa kuingia nchini. Sababu ilikuwa taka zenye sumu. Wenye shule na mafundi walilalamika kwamba bila mitumba hawana mashine, na baadaye kompyuta ziliondolewa kwenye katazo. Nje ya mji mkuu, zilizokwisha kuingia zilipata thamani mpya: mashine isiyo na mrithi hutunzwa.

Mahitaji nayo yalikuwa yakipanda. Uganda iligawa wilaya zake mara nyingi, na West Nile ilipata mgao wake: Yumbe ilitolewa Arua mwaka 2000, na Koboko ikawa wilaya Julai 2005. Kila wilaya mpya ilikuwa na makao makuu, mhasibu, ofisa elimu na ofisa afya, na kila mmoja wao alihitaji kuandika ripoti. Pembeni mwa ofisi hizo vikaota vibanda vya uchapaji na fotokopi. Kuanzia mwaka 2012 wanafunzi wa kidato cha tano Uganda walitakiwa kuchukua kompyuta au hisabati kama somo la nyongeza, na shule nyingi za sekondari zilikuwa zimepewa maabara ndogo na mfuko wa mawasiliano vijijini wa tume ya mawasiliano, UCC. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Muni kilifungua milango yake Arua kwa kufundisha elimu ya mifumo ya habari.

Maabara ya shule ni mahali pazuri pa kuona kazi hii kwa karibu. Kompyuta ya mezani imelazwa ubavu kwenye dawati pamoja na bisibisi moja, brashi ya rangi iliyo kavu, na kopo la kutia skrubu. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba mpakani, kilomita 92, ilipata lami katika miaka ya 2010 tu, na vumbi jekundu la miaka ya nyuma bado limo ndani ya makasha. Fundi hagusi kitu kwanza. Hugusa chuma cha kasha kwa kiganja ili umeme tuli wa mwilini ushuke, hasa kati ya Desemba na Februari hewa inapokuwa kavu. Kisha hupiga picha kwa simu. Kabla simu hazijawa na kamera, kazi hiyo ilifanywa kwa plasta na kalamu: kila plagi ikapewa namba, na namba hiyohiyo ikaandikwa mahali ilipotoka.

Halafu nyaya. Katika mashine za zamani, diski iliunganishwa na bodi kwa utepe mpana wa IDE wenye pini 40 na mstari mwekundu ukingoni. Mstari huo unaonyesha pini ya kwanza, na katika diski nyingi uko upande wa plagi ya umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuja tepe zenye nyaya nyembamba 80 kwa pini zilezile 40. Nusu ya nyaya hizo ni za kutenganisha ishara ili zisiingiliane. Plagi zake zilipewa rangi: buluu kwa bodi, nyeusi kwa diski ya kwanza, kijivu kwa ya pili. Mwanagenzi asiyeambiwa maana ya rangi hizo aliweza kuchomeka utepe kinyume na kukaa saa nzima akitafuta diski ambayo bodi haiioni.

Kosa lililoua tepe nyingi lilikuwa la mkono. Mtu huvuta utepe badala ya kushika plagi yake, na nyaya nyembamba hukatika ndani bila kuonekana. Utepe uliokatika hivyo hufanya kazi leo na kugoma kesho. Ukiwa Kampala unanunua mwingine. Ukiwa Koboko, kwa miaka mingi, ulisubiri basi. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kutotupa waya wowote: nyaya za mashine iliyokufa huchomolewa, hukunjwa kwa mviringo mpana na kutundikwa kwenye msumari.

Utepe mpana ulikuwa na kosa la pili: uliziba njia ya hewa. Katika chumba chenye bati juu na bila feni, mashine yenye vumbi na utepe uliolala mbele ya kichakataji hupata joto haraka. Mafundi waliukunja kwa urefu na kuufunga ubavuni mwa kasha. Kukunja kuna kiasi chake, kwa kuwa kona kali huvunja nyaya. Waya wa SATA, uliokuja mwaka 2003 ukiwa na pini saba tu, uliondoa tatizo la hewa, lakini nao hauvumilii kona kali, na plagi zake za mwanzo hazikuwa na kibanio, zikilegea mashine ilipohamishwa.

Hatari kubwa ya waya uliolegea ni feni. Waya mmoja ukiegemea feni ya kichakataji, kwanza husikika sauti ya kugonga, kisha feni husimama, kisha mashine hujizima. Mteja huambiwa na jirani kwamba kompyuta imekufa, wakati kilichotakiwa ni kamba ya plastiki ya kufungia. Kamba hizo nazo zina adabu yake: zifungwe bila kubana, na zikatwe kwa koleo dogo, maana wembe ukiteleza unachana ganda la waya wa jirani.

Pawasaplai ni sura ya peke yake. Fundi huipima ikiwa imechomolewa kwenye bodi: kipande cha waya kinaunganisha pini ya kijani na mojawapo ya nyeusi, na feni ikizunguka, pawasaplai imeamka. Kisha mita inawekwa kwenye nyaya: njano volti 12, nyekundu 5, rangi ya chungwa 3.3. Rangi hizi ni za mtindo wa ATX duniani kote, na kwa miaka mingi mafundi waliziamini bila kuuliza. Dell ilivunja imani hiyo. Kuanzia mwaka 1998 baadhi ya kompyuta zake zilikuwa na plagi ya umbo lilelile la ATX huku pini zikipangwa kwa namna nyingine. Fundi aliyetoa pawasaplai mbovu ya Dell na kuweka ya kawaida aliunguza bodi, ilhali plagi iliingia bila kukataa. Tangu hapo mafundi makini hulinganisha rangi za plagi ya zamani na ya mpya, pini kwa pini, kabla ya kuwasha.

Sanduku la pawasaplai lenyewe halifunguliwi ovyo. Kapasita zake huweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa. Na pale mashine inapomtetemesha mtu akigusa kasha, kosa mara nyingi liko ukutani: soketi isiyo na waya wa ardhi, au adapta ya pini mbili iliyouzwa sokoni. Vichujio vya ndani ya pawasaplai huhitaji njia ya kwenda ardhini; vikiikosa, kasha lote hubaki na umeme mdogo unaochoma vidole na unaoweza kuharibu kifaa kinachochomekwa wakati huo.

Mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini vilileta wimbi jipya la watu. Makazi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, yalifunguliwa Agosti mwaka huo na kufikia mwisho wa mwaka yalikuwa na wakimbizi zaidi ya 270,000. Miongoni mwa waliokuja walikuwemo mafundi na wanafunzi wa ufundi. Katika makazi ya Rhino Camp, shirika la CTEN lililoundwa na wakimbizi wenyewe liliandaa vikao vya wazi vya ukarabati, ambapo mwenye kifaa huketi pamoja na fundi na kukifungua pamoja. Ni utaratibu tofauti na wa kibandani, ambako mteja huacha mashine na kurudi jioni. Anayeona waya ukichomolewa na kurudishwa hujifunza kwa nini hautakiwi kuvutwa.

Makazini umeme hutoka juani, na kompyuta ya mezani hula umeme mwingi kuliko wanavyoweza kuumudu wengi, hivyo kompyuta mpakato na simu zimechukua nafasi kubwa. Mashine za mezani zimebaki shuleni, kwenye ofisi za wilaya na kwenye vibanda vya uchapaji. Katika miaka hii ya 2020 laini kubwa ya volti 132,000 imefika Arua kutoka Karuma kupitia Olwiyo na Nebbi, na West Nile hatimaye imeungana na gridi ya taifa. Mashine hizo zilizobaki zinaweza kufanya kazi mchana kutwa, na nyaya zake zitaendelea kufunguliwa na kufungwa.

Kwenye maduka ya Kampala sasa zinauzwa pawasaplai ambazo nyaya zake huchomolewa pande zote mbili. Upande wa diski na bodi, pini hufuata kanuni moja. Upande wa pawasaplai, kila kampuni hupanga pini inavyotaka, na hata aina mbili za kampuni moja huweza kutofautiana. Waya wa pawasaplai nyingine unaweza kuingia vizuri na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5, na diski yenye alama za mitihani za mwaka mzima ikaungua kwa sekunde moja. Ni mtego wa mwaka 1998 uliorudi kwa sura nyingine, na unaitafuta hasa miji ambayo vipuri hufika bila maboksi yake na nyaya za mashine tano hulala kwenye gunia moja. Dawa yake ni rahisi: nyaya zifungwe pamoja na pawasaplai yake, jina la modeli liandikwe kwenye plasta, na kila pini ipimwe kwa mita kabla diski haijaunganishwa. Nyaya zinazoning'inia msumarini bila jina zinahitaji kupangwa upya kwa utaratibu huo, na fundi anayefundisha leo Koboko ana nafasi ya kuwapa wanagenzi wake kanuni hii kabla diski ya kwanza haijaungua.